Ombi la Barua Yenye Muhuri Kuhusu Maana ya Maisha

Mheshimiwa Mkutubi Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Na kama nawe umekisoma kile kitabu, basi natumaini inakukuta tu.

Mimi ni yule binti wa kwa fundi cherehani, niliyemaliza shule juzijuzi. Ningekuja kusema mwenyewe, ila nina haya. Mara ya mwisho uliponisalimia nilijificha nyuma ya kabati la kamusi. Uliniazimisha riwaya ya zamani ya bawabu anayefungua na kufunga lango la kiwanda kilichokwisha kubomolewa, akimngoja mwenye kiwanda kwa kurasa mia nne. Ulisema, "Kisome, kitakufungua macho." Yamefunguka. Sasa hayafumbiki, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi yangu ni kukunja mapindo. Tangu ukurasa wa tisini, kila nikishika sindano nawaza: joho hili litavaliwa, litachakaa, litakuwa tambara la kudekia. Kwa nini nisishone tambara moja kwa moja? Kwaya imeagiza majoho ishirini na manne. Nimemaliza matatu.

2. Shangazi, ambaye ndiye fundi mwenyewe, aliuliza majoho yako wapi. Nikamjibu kwa adabu kwamba sote ni mabawabu wa kiwanda kisichokuwapo. Akasema, "Kumbe unatafuta kazi kiwandani kwa siri!" Amenipa hadi Ijumaa. Nisipomaliza, kiti changu anapewa binti wa jirani, ambaye hasomi kitu ila futi ya kupimia. Nami kazi hii naipenda, ingawa kifalsafa siwezi kueleza kwa nini.

3. Kiongozi wa kwaya alikuja kujaribu joho lake, akauliza mbona mkono mmoja mfupi. Nikakiambia kiatu chake (usoni sithubutu) kwamba hata mkono wa binadamu haukupewa urefu wake kwa sababu yoyote. Alikaa kwenye benchi hadi tukafunga duka. Nasikia tangu siku hiyo haimbi, na kwaya haina sauti ya besi.

4. Hili ndilo zito. Nyuma ya kitabu kuna karatasi ya tarehe. Watu arobaini na mmoja wamekiazima, na wote wamekirudisha kwa wakati. Mmoja alitangulia kwa siku nzima. Mtu aliyekwisha kujua kwamba hakuna chenye maana anakimbilia nini? Kwa hiyo maana ipo, maktaba inaijua, na mmeificha kwenye droo moja na muhuri wenu.

Naomba basi, kwa heshima zote, kitabu hicho kifungiwe kabatini, nami nipewe barua rasmi isiyozidi ukurasa mmoja, ikieleza maana ya maisha. Ipigwe muhuri, maana shangazi haamini karatasi isiyo na muhuri. Ifike kabla ya Ijumaa.

Nisalimie wasaidizi wako wote, na yule mzee anayesinzia kwenye meza ya magazeti. Nahisi yeye amekisoma mara mbili.

Wako katika kusoma na kushona,
Kadi namba 318

Nyongeza: Barua haina haraka tena. Shangazi alikichukua kitabu ili akurudishie mwenyewe na kukugombeza, akafungua ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Leo siku ya tatu yuko kwenye benchi la wateja, na nikimwita anasema, "Niache kwanza, kuna mtu anabisha langoni." Kwenye cherehani nimekaa mimi, majoho yote yamekwisha. Tafadhali tuongezee wiki mbili. Na akija kukuuliza ni nani anayebisha, nakusihi, usimwambie kwamba ni upepo.