Tofi ya Kumziba Sethunya Mdomo

Jumatatu, 9 Septemba. Upepo tangu alfajiri. Vumbi hadi ndani ya uji.

Alhamisi natoa ushuhuda mbele ya chama cha wanawake wa kanisa. Nikiufikisha hadi amina yangu mwenyewe, Jumapili navishwa kola nyeupe, alama ya mwanachama kamili. Nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili Sethunya wa saluni amenianzishia wimbo katikati. Hapa kwetu msemaji akizidisha, mtu yeyote anaanzisha wimbo, wote wanadakia, naye anakaa chini. Desturi nzuri, kwa watu wanaozidisha. Mimi nilikuwa bado kwenye utangulizi!

Sethunya ana kola tayari. Alishuhudia dakika mbili tu. Yesu amemfanyia machache, inaonekana.

Ushuhuda wangu: kurasa kumi na mbili. Mada: unyenyekevu wangu.

Jumanne, 10 Septemba. Upepo bado.

Mpango. Kanisani peremende hupitishwa mkono kwa mkono, hakuna anayeshangaa. Basi nimepika tofi: sukari, maziwa, siagi, moto mdogo. Nimeijaribu mwenyewe saa nane mchana. Meno yakagandana. Nkuku, bibi yangu, akaniita mara tatu, nikashindwa kuitika. Akamwambia jirani eti hatimaye Mungu amesikia maombi yake, mjukuu amejifunza kunyamaza.

Meno yaliachana saa nane na dakika ishirini na tano. Inatosha.

Jumatano, 11 Septemba. Nimemwombea Sethunya. Hasa hamu yake ya vitu vitamu.

Alhamisi, 12 Septemba. Joto. Balaa!

Nilimpa Sethunya tofi mlangoni. Akanikumbatia. Akasema, "Gaone mdogo wangu, tangu asubuhi nasuka tu vichwa vya watu, sijatia kitu mdomoni. Mungu akuzidishie." Nikaona haya kidogo. Yakapita.

Lakini Mma Gabanthate, mwenyekiti wetu, akaliona kopo la tofi mkononi mwangu. Akauliza tangu lini mtu wa Mungu akagawa kwa kuchagua. Akalipitisha. Wanawake kumi na wanne, tofi kumi na nne.

Nikasimama. Ukurasa wa tatu, ambapo huwa nakatizwa: kimya. Wa saba: kimya, na macho ishirini na nane. Wa kumi na mbili ukaisha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kumaliza ushuhuda maishani mwangu. Sikujua watu huachia wapi! Nikaendelea. Nikashuhudia kuhusu mbuzi wa jirani. Kuhusu mfungo wangu wa Machi (nilikula mara mbili). Mdomo ulikuwa unakimbia wenyewe. Nikajisikia nikieleza kwa nini tofi ni ngumu hivyo, na ilipikwa kwa ajili ya mdomo wa nani.

Mma Gabanthate akafumba macho. Nkuku akajifunika shali usoni. Nikamtazama Sethunya, namsihi kwa macho: wimbo, tafadhali!

Mdomo haukufunguka. Akaimba kwa pua. Wote wakadakia kwa pua, kama mzinga wa nyuki. Nikakaa. Sijawahi kusikia wimbo mtamu vile.

Ila amina sikuifikia. Kola nimeikosa. Nimelia hadi mto ukalowa.

Jumapili, 15 Septemba. Manyunyu asubuhi, ya kwanza mwaka huu.

Nimeitwa mbele! Nikamnong'oneza Mma Gabanthate kwamba pana makosa, kanuni sikuitimiza. Akasema, "Mwanangu, kola hizi zingekuwa za wanaostahili, sanduku lingejaa hadi leo, na yangu ingekuwa chini kabisa. Simama wima."

Aliyenifunga kola ni Sethunya. Akaniambia sikioni kwamba tofi imeng'oa jino lake la nyuma. "Lilikuwa linanitesa tangu Juni. Umeniokolea safari ya kliniki, kichaa wewe."

Nikalia tena. Neema ni kitu cha ajabu. Inakukuta na kopo mkononi na bado inakukumbatia. Habari hii lazima kila mtu aisikie.

Kwa hiyo nimeanza ushuhuda wa Alhamisi ijayo, maana mwenye kola haombi zamu. Kurasa ishirini. Mada: jinsi nilivyoacha hila. Kosa la juzi nimeshaligundua: pua. Nkuku ana kopo la ugoro chini ya kitanda. Mtu anayepiga chafya hawezi kuimba, si kwa mdomo wala kwa pua. Na safari hii nitaleta wa kutosha watu wote, Mma Gabanthate asilalamike.

Nimefika ukurasa wa tisa. Nalala saa nne na dakika arobaini usiku.