Tairi za Mashindano na Barafu ya Feri

Jamani, leo nimeadhirika pale soko la samaki la Feri, saa nne asubuhi, mbele ya watu na samaki. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine.

Kwanza mjue kwamba mama mkwe wangu hajawahi kuongea na mimi. Hatujagombana. Ni heshima tu, ndivyo alivyolelewa kwao Masasi, mkwe na mkwe hawazoeani. Miaka mitatu nimemuoa binti yake Mwanahawa, na maneno yote yanapitia kwa Mwanahawa, hata tukiwa meza moja. "Mwambie mwenzio chai inapoa." Mwenzio nipo hapo hapo, kikombe nimekishika. Nilikuwa natamani siku moja tu aniite jina langu.

Jana amekuja kututembelea. Leo akataka samaki. Nikasema hapa ndipo pangu, maana wiki iliyopita nilifunga tairi mpya. (Mpya kwangu. Ni mtumba wa Japani.) Ni tairi za mashindano, zile za magari ya uwanja wa mbio, laini kabisa, zina vifereji viwili tu. Muuzaji wa Gerezani aliniambia zinashika lami mpaka basi, ila zinataka joto, zikipata baridi zinakuwa ngumu. Nikamcheka. Baridi gani, Dar hii?

Tukatoka Kariakoo, mimi mbele peke yangu kama dereva wa kukodiwa, wao wawili nyuma. Kona ya Mnazi Mmoja nikaikata bila kugusa breki. Gari halikuyumba hata kidogo. Bega likapanda lenyewe.

"Muulize mwenzio gari linanguruma nini," mama mkwe akasema.

"Mwambie mama ni tairi za mashindano," nikajibu.

"Muulize anashindana na nani."

Mwanahawa hakuniuliza. Alikuwa anaangalia dirishani, anajizuia kucheka.

Pale Feri tulinunua samaki changu ndoo nzima. Wakati wa kutoka, tukakuta lori la samaki limemwaga barafu ya kusagwa, imetanda njia nzima, nyeupe. Mpakizi mmoja alikuwa anaikusanya kwa koleo.

"Braza, subiri kidogo niitoe," akaniambia.

"Kaka, hizi ni tairi za mashindano," nikamjibu. (Nilishusha kioo chote ili mkwe asikie.)

Nikaingia. Hatua tatu hivi, gari likaacha kunisikiliza. Usukani nageuza kushoto, lenyewe linaenda kulia. Halafu taratibu! Lingeenda kasi ningesingizia ajali. Liliteleza kiubavu polepole, na akina mama wakaanga samaki wakapata muda wa kuinua masufuria, kusogeza viti na kuendelea na maongezi. Tukaishia kwenye rundo la matenga matupu.

Nikakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka pale pale, zikarusha barafu na maji ya samaki kwa kila aliyesimama nyuma. Watu wakajaa. Mpakizi akainama kuangalia.

"Oya, mbona tairi zote kipara?"

"Siyo kipara. Zimetengenezwa hivyo."

"Aah, kipara cha kuzaliwa."

Walicheka mpaka muuza ngisi akakaa chini. Nikazidi kukanyaga kwa hasira. Ndipo nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Nikatazama kwenye kioo. Mama mkwe wangu, mama mzima ambaye hata glasi ya maji hajawahi kunikabidhi mkononi, amejifunga kanga kiunoni, ameinama, anasukuma gari langu. Nilitamani bahari ije inichukue.

"Hamisi!" akaita. "Acha ujinga, toa mguu kwenye mafuta!"

Nikatoa.

"Wewe kijana wa koleo, lete magunia. Weka chini ya tairi za mbele. Haya Hamisi, kanyaga kidogo. Kidogo nimesema! Kwetu malori yanakwama kwenye tope kila masika, tunasukuma tangu watoto, wewe barafu ya samaki inakushinda?"

Gari likatoka. Watu wakampigia makofi yeye.

Alirudi kanga imelowa, ananuka ngisi. Akafungua mlango wa mbele, akakaa pembeni yangu na ndoo miguuni. Nyuma Mwanahawa alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Hamisi, kesho nipeleke Kigamboni," akasema. "Ila badilisha hizi tairi."

Nikajibu mwenyewe, "Sawa, mama."

Najua kuna waliorekodi. Video ikiwafikia chekeni mnavyotaka, ila msizime sauti. Huyo mama anayenitukana kwa jina langu ni mkwe wangu.