Maiti Bila Matanga

Jumatatu, 27 Novemba 1961

Nimemaliza kitabu kingine cha upelelezi. Sijaridhika hata kidogo! Bwana mmoja wa Kiingereza kachomwa kisu chumbani mwake, damu mpaka kwenye zulia. Nyumba nzima ikafanya nini? Ikanywa chai. Sura ya tatu, chai. Sura ya tano, chai na keki. Maiti yuko ghorofani, na hakuna hata mmoja anayelia! Hakuna matanga, hakuna jirani aliyeleta kuni, hakuna shangazi aliyefika na mkeka wake. Mpelelezi anahangaika kurasa mia mbili kumtafuta muuaji. Huku kwetu ni kazi ya asubuhi moja. Unakwenda msibani, unatazama nani hakuja. Kama wote wamekuja, unatazama nani analia kupita kiasi.

Habari kubwa ya leo: Bibi Petigru anaondoka. Marehemu mumewe alikuwa bwana shamba wa pamba, na yeye miaka yote hii ameazimisha riwaya zake za upelelezi kwa yeyote anayejua kusoma, mradi anawe mikono kwanza. Uhuru ni wiki ijayo, naye anarudi kwao kuishi na dada yake. Kaniambia rafu nzima ya vitabu ataiacha kwa mtu mmoja wa mji huu, afungue chumba cha kusomea.

Mtu mmoja! Na wasomaji tuko wawili. Mimi, Ndalahwa, karani wa ghala la pamba, na Mwalimu Chenge, ambaye huanza na ukurasa wa mwisho kumjua muuaji kisha anarudi mwanzo kujifanya hajui. Mtu wa namna hiyo hapewi rafu. Hapewi hata kalenda.

Lazima niipate. Sisemi kwa uchoyo. Marehemu Yunus yumo mle ndani.

Jumatano, 29 Novemba

Nilikwenda kwa Bibi Petigru baada ya kazi, viatu vimepigwa rangi. Nimemweleza maoni yangu yote juu ya riwaya za kwao. Kwanza, mbwa wanalala ndani na binadamu hawasalimiani. Pili, wauaji wao ni wepesi mno kukiri. Mpelelezi anawakusanya watu sebuleni, anaingia wa mwisho, anasema kidogo, anamnyooshea mtu kidole, na yule mtu anakiri pale pale! Msukuma angesema subirini nimwite kaka yangu mkubwa, na kesi ingekwenda mpaka mavuno. Tatu, hivi vitabu vipya vinavyoletwa siku hizi havina maana. Muuaji unatajiwa ukurasa wa kwanza, halafu unasimuliwa utoto wake na jinsi mama yake alivyokuwa mkali. Wa kwangu mimi alikuwa mkali kuliko huyo na sijaua mtu.

Bibi Petigru alicheka mpaka akavua miwani. Akasema atanikumbuka. Nikaona rafu ni yangu!

Ndipo Chenge akaingia. Kaleta maua. Mwanamume mzima na maua, mchana kweupe! Bibi akasema ni mazuri mno.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Wakati wanaangalia maua, mimi nilikagua rafu. Kuna pengo. Kile kitabu kipya chenye jalada la kijani, kilichofika mwezi uliopita, hakipo. Kimeibwa! Sikumwambia Bibi. Mpelelezi hasemi mpaka siku yenyewe. Nitamfichua mwizi mbele ya watu, na Bibi ataona mwenyewe nani anastahili.

Ijumaa, 1 Desemba

Mpango uko tayari. Nitafanya kama vitabuni. Washukiwa wote sebuleni kwangu kesho saa kumi, wangoje, wasijue wanangojea nini. Mimi naingia wa mwisho, nimevaa suti nyeusi ya harusi.

Washukiwa ni hawa. Chenge, bila shaka. Fundi Muhidin, kwa kuwa anashona mapazia ya Bibi na anaingia atakavyo. Na Sihaba, jirani yetu muuza vitumbua. Vitumbua vyake anavifunga kwa karatasi. Karatasi zinatoka wapi?

Sihaba ndiye niliyemtuma kuita watu. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba waje kwangu kesho saa kumi, kuna jambo, na siwezi kulisema njiani. Akanitazama sana. Akaniuliza kama Paskazia, mke wangu, anajua. Nikasema hajui, na asiambiwe. Akashika mdomo, akaenda. Mwanamke mwaminifu! Mpaka jioni habari ilikuwa imefika kwa Bibi Petigru kule mlimani, na utingo wa basi amepewa aipeleke hadi Misungwi, kwa wakwe zangu. Kule sikumtuma, lakini mashahidi wengi si vibaya.

Nilipita mwaloni, ufukweni mwa ziwa, wakati wa kurudi. Meli ilikuwa imefunga gati, moshi unapanda taratibu, na moyo ukaniuma. Yunus alikuwa mhudumu wa vyumba vya daraja la kwanza. Wazungu walipokuwa wakishuka, waliacha riwaya vitandani, naye alipewa ruhusa azichukue. Tulikuwa tunakaa kwenye miamba, miguu majini, sato wa kukaanga katikati yetu, yeye anasoma sura moja na mimi inayofuata. Kila kitabu aliandika pembeni kwa penseli jina la aliyemshuku. Hakupatia hata siku moja! Mara zote alimshuku daktari. Alipofariki, mwaka hamsini na saba, ndugu zake wakavipeleka vitabu vyake kwa Bibi Petigru, maana walimjua kuwa ndiye mwenye vitabu. Mimi nilikuwa safarini Shinyanga. Nilirudi nikakuta Yunus kazikwa na vitabu vimekwenda. Tangu hapo nimekuwa nikiazima maandishi ya rafiki yangu, kimoja kimoja, na kuyarudisha.

Watu wote siku hizi wanatazama mbele. Mimi pia nina kadi ya chama, nimenunua na kitambaa cha bendera. Lakini nikiwa peke yangu natazama ile miamba.

Jumamosi, 2 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Niliondoka asubuhi bila kuaga, suti mwilini, nikakaa ufukweni nikijizoeza hotuba. Hotuba nzuri! Kulikuwa na mahali pa kunyamaza, na mahali pa kumgeukia Chenge ghafla. Saa kumi na nusu nikaanza kupanda kuelekea nyumbani, polepole, wazidi kuhangaika.

Nikasikia kilio. Kilio kikubwa, cha wanawake wengi, na kinatoka kwangu! Nikajua Paskazia amefariki. Nilikimbia huku nalia, tai imekaa mgongoni. Uani kulikuwa kumejaa watu, wanaume wamekaa kwenye mikeka, kuni zimerundikwa, sufuria kubwa limeshapanda motoni. Nikamwuliza mzee mmoja nyuma kabisa, simjui, nani ametutoka. Akaniambia pole sana kijana, ni Ndalahwa, karani wa pamba. Alikuwa mtu mwema, akasema, ila msumbufu.

Nikashukuru Mungu si Paskazia! Kisha nikaelewa.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kwetu sisi, ukiambiwa njoo nyumbani, kuna jambo, halisemwi njiani, na mke asiambiwe, ina maana moja tu: msiba. Nimezaliwa hapa, nimewahi kuitwa hivyo mwenyewe, na sikukumbuka! Mama mkwe alishuka basi la Misungwi akaanza kulia tangu kona. Paskazia alimsikia mama yake analia, anaona watu wanaingia kimya wanakaa bila kumtazama usoni, na mume katoka na suti bila kuaga akielekea ziwani. Akapiga yowe akitaja jina langu. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua.

Nilitaka kujitokeza. Lakini Chenge alikuwa amesimama kuhutubia! Ningewezaje kumkatiza? Alisema mji huu umepoteza msomaji wake wa kwanza. Alisema kila alipobishana nami alirudi nyumbani akasoma zaidi, ili kesho yake asiaibike. Alisema huwa anaanza na ukurasa wa mwisho kwa sababu moyo wake hauvumilii mashaka, na mimi ndiye nilikuwa na moyo. Nililia, wallahi, nililia kuliko wafiwa.

Halafu Bibi Petigru akasimama, kavaa nyeusi, akasema maneno yake Chenge akayatafsiri. Rafu yote itakuwa chumba cha kusomea cha ukumbusho wa marehemu Ndalahwa, na Mwalimu Chenge atakitunza. Watu wakasema amina.

Hapo nikapiga kelele kwamba sikubali!

Sihaba alinigeukia wa kwanza. Sinia la vitumbua likaruka, naye akapita katikati ya ua wa mabua kana kwamba hakuna ua. Wanaume wazima walikimbia. Mama mkwe peke yake hakukimbia. Alinijia akanikumbatia mbele za watu! Mkwe! Sijui uso wangu niliuweka wapi, na yeye alipozinduka akajifunika kanga kichwa kizima. Paskazia alinishika mashavu akanitazama, akalia, kisha akanizaba kofi, na sikio langu bado linavuma.

Nikaulizwa kwa nini niliita watu. Ikabidi niseme. Nikasema kwa kifupi sana, hotuba yote imenipotea. Bibi Petigru akashangaa. Akasema kitabu cha kijani kiko kwake kando ya kitanda, hajakimaliza.

Nikaomba basi, kwa kuwa mimi mzima, rafu iangaliwe upya. Akajibu kwa upole kwamba ahadi iliyotolewa mbele ya wafiwa haifutwi kwa sababu tu marehemu amechelewa kufika. Wazee wote wakatikisa vichwa kukubali. Hata yule wa nyuma!

Jumapili, 3 Desemba

Waingereza wana maiti bila matanga. Mimi nimefanyiwa matanga bila maiti. Ugali wa msibani umeliwa mpaka leo mchana, maana wageni walisema chakula cha matanga hakirudishwi. Kanisani padri alinisalimia kwa kunigusa bega mara mbili. Paskazia hasemi nami. Sihaba anauza vitumbua upande wa pili wa barabara.

Jumatano, 6 Desemba

Nilikwenda stesheni kumuaga Bibi Petigru. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na wengi walikuwa wanalia kweli. Chenge alikuwepo na maua yake.

Bibi alinivuta pembeni akanipa kile kitabu cha kijani, kiwe changu. Akasema samahani, ni kimoja cha hivi vya kisasa. Muuaji yuko ukurasa wa kwanza. Nikamwambia nitakisoma kwa adabu. Nilitaka kumweleza habari za Yunus na penseli, mambo ambayo miaka minne sikumwambia kwa sababu niliona aibu kumlilia rafiki mbele ya mzungu. Garimoshi likapiga honi. Nikasema safari njema, memsahib, badala yake. Nikabaki nimesimama mpaka mabehewa yakaisha kupita. Angenipa rafu, nadhani, kama ningesema mapema. Mjinga mimi!

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru! Ngoma tangu alfajiri, bendera kila duka, Fundi Muhidin hajalala siku tatu kwa kushona. Nimecheza mpaka soli ya kiatu imeachia. Paskazia amecheza nami, maana yake tumepatana.

Mchana Chenge alifungua chumba cha kusomea. Mlangoni kuna ubao mkubwa: CHUMBA CHA KUSOMEA CHA MAREHEMU NDALAHWA. Nikamwomba aliondoe lile neno la pili kutoka mwisho. Akasema rangi imeshakauka, na ni rangi ya bei ghali. Kisha akanitaka ninawe mikono.

Nimenawa. Nikavuta kitabu kimoja cha zamani, kimevimba kwa unyevu wa meli. Ukurasa wa ishirini na mbili, pembeni, kwa penseli: Daktari! Nakwambia ni daktari! Mwandiko ule ule, umelala upande kwa sababu ya mawimbi. Nje watu wanaimba, na mimi nimeinama nalia kwenye chumba changu cha ukumbusho. Yunus angepaswa kuiona siku ya leo. Angechelewa, na angekuja na sato.

Chenge aliona. Aliniletea kiti. Nikaomba nikichukue kile kitabu kiwe changu moja kwa moja. Akasema hapana, siku saba, kama wasomaji wengine.

Jumapili, 10 Desemba

Nimeamka na akili safi. Nchi mpya, mwanzo mpya! Nimetafakari kisa chote na nimeona kosa liko wapi. Kosa si langu. Nilikuwa nadai rafu kama mtu aliye hai, na mtu aliye hai hana haki yoyote pale. Mwenye haki ni marehemu. Ubao unasema hivyo, kwa rangi ya bei ghali. Na mali ya marehemu, kwa mila zetu sote, Chenge akiwemo, si ya rafiki wala ya mwalimu. Ni ya mjane.

Kesho saa nne asubuhi mjane atakwenda pale mlangoni, kavaa nyeusi, mama yake kando, na shangazi zake wote wa Misungwi nyuma yao. Chenge atasema nini? Utingo nimeshampa habari azipeleke leo leo. Nimemwambia aseme tu waje, kuna jambo la Ndalahwa, halisemwi njiani.

Kilichobaki ni kumwarifu Paskazia kwamba yeye ni mjane.