Biskuti za Bibi Apolinaria na Bani la Usoke

Jumatatu, 12 Mei 2025

Shangazi Dafrosa ametangaza. Jumapili, baada ya misa ya kumkumbuka marehemu Bibi Apolinaria, daftari la mapishi la Bibi litapata mwenyewe. Atakayepika biskuti za asali zenye ladha ileile ya Bibi, ndiye. Tuko wawili: mimi na binamu yangu Yustina. Yustina! Mtu aliyekuja kwa Bibi wakati wa likizo tu. Mimi nililelewa pale. Daftari ni langu. Tena jumuiya nzima hapa Ipuli nimeshaiambia kwamba ninalo.

Jumanne, 13 Mei

Nimepika kwa kukumbuka. Si kwamba nilipika na Bibi. Hakuniruhusu kugusa jiko tangu lile paa lilipoungua. Jambo dogo. Unga, siagi, mayai, asali ya dukani iliyochujwa vizuri. Sufuria juu ya mkaa, moto mwingine juu ya mfuniko. Zimeiva vizuri sana, upande mmoja. Mke wangu Julieth ametafuna muda mrefu, kisha akasema ni tamu ila si za Bibi. Nikanuna.

Lakini kweli, kuna kitu kinakosekana. Nimekigundua nikiwa naoga. Moshi! Babu alirina asali porini kwa mwenge, na harufu ya moshi ilibaki hadi kwenye biskuti. Julieth anasema basi ninunue asali ya porini, sokoni imejaa. Hana mawazo makubwa. Hiyo ndiyo anayonunua Yustina, na mimi sitaki sare.

Jumatano, 14 Mei

Nimefika Usoke kwa shemeji Revocatus, kaka yake Julieth, na kapu la biskuti mpya. Analima tumbaku. Ana bani, kibanda cha kukaushia majani yake, na bomba la moto la bani hilo limetoboka siku nyingi. Moshi wa kutosha, wa bure. Nikamweleza mpango: biskuti zikae humo siku mbili. Akaniuliza kama nimeyaona majani ya tumbaku yanayoning'inia humo. Nikamjibu nimeyaona, ila mimi sikuja kuyapika. Akasema shauri yangu.

Ana wivu tangu nilipomwoa dada yake.

Ijumaa, 16 Mei

Nimezitoa. Rangi ya kahawia. Harufu nzito, ya heshima. Nimeonja nusu. Kichwa kikawa chepesi, jasho likanitoka, nikakaa kwenye gogo. Nilijua ni kumbukumbu za Bibi.

Julieth amepiga simu kunijulisha kwamba umeme umekatika Ipuli nzima. Yustina anapikia oveni ya umeme! Nimecheka njia nzima kurudi Tabora. Abiria wa pembeni akahama kiti.

Jumamosi, 17 Mei

Yustina amepika kwa mkaa. Nani kamfundisha?

Jumapili, 18 Mei

Misa nzuri. Padri alipotaja jina la Bibi, nikainama kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari. Nililitaka daftari lile kuliko nilivyokuwa nasema. Mwandiko wake umo humo. Mimi sina hata picha yake.

Kisha tukaketi kwa Shangazi. Za Yustina zikaanza kupita. Wazee wakafumba macho. Mmoja akafuta chozi. Nikaonja kwa siri. Zilikuwa za Bibi kabisa. Nilimchukia kwa dakika nzima.

Zikaja zangu. Baba mdogo Lugembe akala moja, akashika ukuta, akauliza kwa nini nyumba inazunguka. Wengine wakatoka nje mmoja mmoja, wakitembea kwa uangalifu. Watoto walitema mapema, wana akili. Shangazi peke yake alibaki kitini. Tangu Krismasi daktari amemkataza ugoro. Alikula ya kwanza, akapiga chafya mbili, akatabasamu. Akala tatu nyingine. Nikajua nimeshinda!

Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Dionis mwanangu, daftari ni la Yustina. Ila hilo kapu lako liweke chumbani kwangu, na daktari asijue."

Jumatatu, 19 Mei

Yustina amekuja na daftari, bila mtu kumtuma. Akasema ninakili chochote nitakacho, maana Bibi alikuwa wetu sote. Nikasema asante. Ilitoka kwa shida.

Nimenakili biskuti za asali, kila kijiko. Mwisho wa ukurasa, kwa mwandiko wa Bibi: "Dionis asikabidhiwe moto. Hata akiwa mtu mzima." Nimeusoma mstari huo mara tatu, nikalia kidogo. Alinipenda! Hakuna mjukuu mwingine aliyetajwa humo. Yustina hayumo hata kwa bahati mbaya.

Mstari wenyewe sikuunakili. Karatasi haikutosha.

Nimempigia Revocatus. Anasema wiki ijayo bani litakuwa tupu, msimu umekwisha, na anataka kuliziba lile bomba. Nimemwomba asiliguse. Kosa lilikuwa majani tu. Krismasi naleta keki.