Suruali Iliyonipwaya Kabla Sijapungua

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwanamichezo. Uamuzi nimeupitisha mezani, mdomo umejaa, mbele ya mama watoto na binti yetu, kitinda mimba.

Sababu: Jumamosi ya wiki ijayo shuleni kwao kuna siku ya michezo, na kuna mbio za akina baba. Mwaka jana nilisingizia mguu. Wenzake wakamwambia binti yangu kuwa baba yake ni godoro. Alilia mpaka akalala na viatu. Mwaka huu amelitangazia darasa zima kwamba baba atakimbia, na kwamba atamshinda Kinyozi. Kinyozi! Jirani yangu wa ukuta mmoja. Mimi nashona, yeye ananyoa, na kila asubuhi anaruka kamba mlangoni ili wateja wangu wamwone.

Nimemwambia mwanangu aondoe shaka. Kuanzia kesho, kila alfajiri, baba yuko barabarani. Akanikumbatia kiunoni. Mikono haikukutana nyuma, lakini nia ilionekana.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka alfajiri! Mimi mwenyewe! (Mama watoto alinivuta mguu kidogo.)

Nimevaa suti ya michezo niliyojishonea jana. Buluu, mistari miwili myeupe pembeni, mapajani nimepitisha cherehani mara mbili. Mtaa mzima hakuna anayekimbia akiwa amependeza kama mimi. Nikatoka mbio. Kwenye kona ya duka la mikate mapafu yakagoma. Nikaona nyota, kisha nikaona benchi. Mama wa mikate, mtu mcheshi sana, akaniletea chai na kipande cha keki kabla sijaomba. Ningekataaje?

Tatizo likawa kurudi nyumbani mkavu. Ubavuni mwa duka kuna bomba. Nikajimwagia kichwani, kifuani, mgongoni. Kichwa changu kinafanya kazi hata kabla ya jua kutoka!

Binti alinipigia makofi mlangoni. Mama watoto akanusa fulana, akasema ni ajabu jasho langu halinuki. Nikamweleza kuwa jasho la mwanamichezo wa kweli ndivyo lilivyo. Akasema kumbe, akanipangusa makombo kwenye sharubu.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi yanakwenda vizuri. Jana keki ya ndizi, leo ya zabibu.

Ila binti ana macho. Ameniuliza mbona tumbo bado lipo. Nikamwambia tumbo huondoka la mwisho, maana ndilo linalofunga mlango. Hakucheka. Akasema Kinyozi ametoboa tundu jipya kwenye mkanda.

Ni kweli. Bwana huyo amelitembeza tundu lake mtaa mzima, akaja nalo hadi dukani kwangu, akaniomba nimpunguzie suruali kiunoni. Nikampunguzia huku roho inaniuma. Nikiwa katikati ya mshono, wazo likaja. Kinachopunguzwa si kinaongezwa pia? Fundi anayejua kazi huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Mchana nikafunga mlango, nikafumua suruali zangu zote, nikazitanua. Ile ya michezo nikaitoa mpira wa kiunoni na kuweka mrefu zaidi.

Nimevaa. Zinapwaya! Nimejitazama kwenye kioo cha wateja. Mwembamba kabisa, wallahi.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya ushindi. Nimesimama mezani, suruali ikateremka hadi kwenye nyonga, nikaidaka kwa mkono mmoja. Binti akaruka juu ya kiti kwa furaha. Mama watoto akashika mshono, akaukagua, akasema uzi ni mpya. Nikamjibu kuwa mwili mpya unastahili uzi mpya. Akaniletea mkanda. Nimeukataa. Mkanda ungeficha mafanikio.

Jumatano, 12 Machi

Dukani sasa nakata kitambaa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika suruali. Kinyozi ameniona akaacha kuruka kamba. Karani wa posta, mteja wangu wa siku nyingi, akaniuliza siri ni nini. Nikamwambia ni moyo tu, na kuamka mapema. Akaondoka akitikisa kichwa. Jioni nikazitanua tena kidogo.

Niliporudi nyumbani nikakuta binti amenichora. Mimi mbele, Kinyozi nyuma sana, mdogo kama nzi. Amebandika mchoro ukutani juu ya kitanda chake. Nikajisikia vibaya. Vibaya kweli. Nikaapa kesho nitakimbia mpaka shuleni na kurudi.

Alhamisi, 13 Machi

Nilifika kwenye kona. Keki ilikuwa imetoka jikoni dakika hiyohiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika upesi kabla utukufu haujapoa.

Akina baba tumejipanga. Mimi na buluu yangu, Kinyozi na kaptura. Binti yuko mstari wa mbele na wenzake, mikono ameifumbata kifuani. Mwalimu wa michezo akapuliza filimbi. Nikatoka kama risasi!

Suruali haikutoka nami. Ilibaki magotini.

Ndani nilikuwa na bukta ya maua makubwa ya njano. Nilijishonea kwa mabaki ya mapazia ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaitazama bukta. Akageuka akalitazama dirisha lake. Akaitazama tena bukta. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikainama kuivuta, nikashindwa kukimbia; nikikimbia, inashuka. Baba wengine walikuwa wameshafika. Ndipo nikasikia viatu vidogo nyuma yangu. Binti! Ameivuka kamba ya watazamaji, ameikamata suruali kwa nyuma kwa mikono miwili, anapiga kelele, “Kimbia, baba, nimeshika!” Nikakimbia. Sijawahi kukimbia hivyo maishani mwangu.

Na Kinyozi? Alikuwa mbele, karibu kabisa na utepe, akageuka kuona watu wanacheka nini. Akaona maua. Alicheka mpaka akakaa chini, ameshika mbavu. Wenzake walimpita, nasi tukampita! Binti ndiye aliyekata utepe uliobaki, kwa kichwa. Kinyozi alikuwa wa mwisho. WA MWISHO. Nimeahidi, nimetimiza.

Mwalimu wa michezo akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba huyu ndiye mzazi aliyepungua hadi nguo zikamkimbia. Makofi! Nikapunga mkono mmoja. Binti aliushika ule mwingine mpaka nyumbani, na hakuna mtoto aliyetamka neno godoro.

Jumapili, 16 Machi

Mama watoto amenipima kiuno kwa tepu yangu mwenyewe. Akasoma, akaikunja taratibu, akanipa hongera kwa kunenepa. Nimemweleza kuwa tepu za zamani husinyaa. Hakubishana. Nadhani ameelewa.

Karani wa posta amekuja leo, Jumapili, akitaka nimfundishe mazoezi. Nimekubali. Nimemwambia kwanza alete suruali zake zote.

Na binti anataka kuja nami kesho alfajiri, anishikie suruali. Nimemshonea suti ya buluu kama yangu, mistari miwili, kiunoni nimeacha nafasi ya kutosha. Alipoijaribu akazunguka mbele ya kioo, akanikumbatia, kisha akaniuliza kwa kuninong'oneza sikioni iwapo maji ya bomba huwa ya baridi sana asubuhi.

Swali la ajabu. Nimemwambia ni ya baridi kidogo, lakini mtu huzoea.