Unga wa Betri wa Dutwa

Usijifanye hukumwona. Ulikuwa stendi ya Bariadi siku ile Method alipokuwa anaipaka rangi ya kijani mashine kuukuu ya kukoboa mahindi, akiandika ubavuni KIWANDA CHA MFANO. Ulijua ni mashine ya kukoboa. Ukacheka, ukanunua karanga zako, ukapanda basi. Hayakuhusu. Basi soma yaliyotokea ulipogeuza shingo.

Method hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Method alikuwa anafunguliwa na kuwekewa kiti. Wazo lenyewe alilipata mgahawani, akitafuna chapati aliyonunuliwa na mtu asiyemjua, alipowasikia wakulima wawili wa pamba wakibishana.

"Dutwa kuna nikeli, nakwambia. Watafiti walikitoboa kilima, wakaondoka."

"Walisema watarudi lini?"

"Walisema tusubiri."

Method akaacha kutafuna. Watu waliokwisha kuzoea kusubiri! Hilo ni shamba lililokwisha kulimwa. Kazi yake ni kupanda tu.

Wiki iliyofuata akaingia Dutwa na pikapu ya kukodi, jenereta, na mashine yake ya kijani. Kofia ngumu kichwani, kizibao cha kung'aa kifuani. Kwetu mtu akivaa kizibao cha kung'aa hatumuulizi ametoka wapi. Tunamuuliza asaidiwe nini.

"Mwangaluka!" akasalimia, saa tisa alasiri.

Watu wakaangua kicheko. Hiyo ni salamu ya asubuhi.

"Mhola, baba," mama mmoja akajibu. "Huko utokako ndiyo kwanza kunakucha?"

"Mama, kumekucha Dutwa!" Method akadaka. "Magari ya umeme yanataka betri, betri zinataka nikeli, na nikeli mmeikalia. Safari hii mawe hayaondoki. Tunayachakata hapa hapa!"

Akamimina ndoo ya udongo mwekundu juu ya mashine. Jenereta likanguruma, mashine ikatetemeka kama mwenye homa, na chini ukatoka unga mweusi ti. Udongo ulikuwa umeishia kwenye gunia lililofichwa tumboni mwa mashine. Unga ulikuwemo humo tangu Bariadi.

"Huu ndio unga wa betri. Kila kaya itoe jozi moja ya maksai, iwe mbia wa kiwanda. Asiye na maksai asisononeke, atakuwa mlinzi."

Makofi. Kisha soda, na karatasi ya mahudhurio: saini, chukua soda yako. Sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa imekunjwa kwa nyuma, vizuri kama kola ya shati. Nani hukunjua karatasi ya mahudhurio? Tumeyasaini mahudhurio tangu enzi za baba zetu, na kila mara kesho yake tunaambiwa tulikubali.

Mzee Ngeleja akasaini kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi. Alikuwa na jozi moja tu ya maksai, na mvua zilikuwa zinabisha hodi. Bila wanyama hao, ekari sita zingemsubiri yeye, jembe la mkono, na mgongo wa miaka sitini.

Dada yake Milembe, mwalimu mstaafu, akachovya kidole kwenye unga, akausugua kiganjani. Miaka thelathini alipasua betri zilizokufa za redio, akautwanga ule weusi pamoja na majani ya viazi, akapaka ubao wa darasa, kwa sababu rangi iliyoahidiwa haikufika. Aliujua unga huu kuliko alivyokijua kiganja chake.

"Kaka, hii ni betri."

"Si ndivyo alivyosema? Unga wa betri."

"Nasema ni betri za redio. Zimepasuliwa."

"Umeona! Kumbe hata redio zitafaidi."

"Ngeleja!"

"Mwalimu, umestaafu. Tuache na sisi tufundishwe."

Milembe akaikunjua karatasi, akasoma: *Sisi tuliosaini tumetoa maksai wetu kwa hiari, wachukuliwe kesho.* Akaikunja tena. Kumpigia kelele mtu mwenye soda mdomoni ni kazi bure. Akaenda ofisi ya kijiji, akarudi na Joakim, mtendaji wa kijiji, na daftari kubwa.

"Mkurugenzi," akamwambia Method, "utaondokaje hujasaini kitabu cha wageni?"

Method akavimba. Mwenye cheo cha kujipachika hana kinga dhidi ya kitabu cha wageni. Rula pana ilikuwa imelala juu ya ukurasa, imefunika maandishi ya juu, na Method hata hakuijali. Jina. Cheo: *Mkurugenzi Mkuu*. Saini yenye mikia mitatu. Maoni: *Nimefurahi sana.* Joakim akagonga mhuri.

Milembe akaiondoa rula, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani: "Mimi niliyesaini nimetoa jenereta na mashine kwa shule ya msingi, kwa hiari, na nimefuta madai yote ya maksai. Maoni: nimefurahi sana."

"Huu ni utapeli!" Method akapiga kelele.

"Ndiyo, mwanangu. Nimejifunza kwako leo hii hii. Haya, twende polisi. Tubebe karatasi yako, au daftari letu, au vyote viwili?"

Method akamtazama Joakim, akautazama mhuri, akawatazama watu walioanza kuweka chupa zao chini. Akaichana karatasi ya mahudhurio kwa mikono yake mwenyewe. Pikapu iliondoka nyepesi.

Ngeleja alilima kwa maksai wake msimu ule, akimlaani dada yake kila mwisho wa tuta kwa kumkosesha ubia.

Umecheka? Haya, umemaliza. Method yuko Mwanhuzi leo. Mashine nyingine, rangi ya bluu. Sasa anasema lithiamu, na ameongeza ng'ombe wa maziwa kwenye ada. Una shangazi kule, na namba yake unayo. Usimtumie kikatuni cha kumtakia siku njema. Mpigie. Mwambie asitie saini wala dole gumba mahali ambapo hajasomewa kila neno, na awazuie majirani zake. Mkutano ni saa nane. Weka chini unachosoma, upige sasa hivi.