Vitundu vya Hazel

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya ukuu wa karakana ya mapanga ya injini iko wazi. Mji mzima wa Derby unajua ni yangu. Isipokuwa Hazel Gratton, anayetabasamu kama keshakabidhiwa funguo. Kisa? Vitundu vyake! Moto wa injini ya ndege unaweza kuyeyusha mapanga yanayozunguka ndani yake, basi yeye kayatoboa vitundu vya kupitishia hewa, iyafunike kama shuka. Hewa yenyewe anaiiba humohumo injinini, hewa ambayo ingesukuma ndege. Wizi mtupu, na anapigiwa makofi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa. Mapanga yangu yanajaribiwa Ijumaa. Vitundu nimeviziba kwa udongo wa kauri, karibu vyote. Vichache nimeviacha kwa heshima. Bosi wetu, Tunnicliffe, kauliza mbona yanang'aa. Nikasema ni usafi. Karidhika.

Alhamisi, 7 Machi
Hazel kaja wakati wa chai, anaomba kuyatazama mapanga kwa lenzi. Nikamwambia asubiri kama wenzake. Akasema moto hauna adabu, haujali nani anautaka ukuu. Wivu huo! Nikamlia keki yake.

Ijumaa, 8 Machi
Mwanzo, ajabu! Nguvu ikapanda, matumizi ya mafuta yakapungua. Tunnicliffe akanipiga bega. Nikaanza kuchagua mapazia ya ofisi.
Kisha kishindo.
Mapanga yamelainika kama jibini juu ya mkate wa moto, yakakatika, yakaifumua injini nzima. Ukuta wa chumba cha majaribio ni mnene, hakuna aliyeumia. Tunnicliffe akaokota kipande, akakigeuzageuza.
"Wragg, vitundu viko wapi?"
Nikamjibu huenda vimeyeyuka.
Hazel alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mwanamke mzima!

Jumamosi, 9 Machi
Tunnicliffe kapiga simu. Ukuu kapewa Hazel. Mimi kuanzia Jumatatu ni ghalani, kwenye maboksi matupu. Nimetafakari kwa kina, na nimeona kosa liko wapi: waliwasha moto kupita kiasi.
Basi. Kesho ni Sikukuu ya Akina Mama, tunampeleka mama mkwe kula mjini Matlock. Mlima mrefu, gari zito, na mama mkwe mwenyewe si mwepesi. Mke wangu Imogen katoka nje kuuliza nafanya nini kwenye boneti jioni hii. Nikamwambia atulie, napunguza mzigo.
Maji ya rejeta nimeyamwaga yote. Gari limekuwa jepesi kama unyoya!